Kutambua sura za mvurugiko katika tiba asili ya Kichina: mwongozo kamili kwa mfano wa kukosa usingizi

Watu watano wanaweza kuingia kwa tabibu wa Kichina asubuhi moja, wote wakilalamika kwamba hawapati usingizi, na kila mmoja akatoka na dawa yake. Asiyeijua tiba hii huona kama anachezewa. Kwa tabibu, kukosa usingizi ni lalamiko tu; bado hajajua anatibu nini. Anachotafuta ni zheng, ambayo hapa nitaiita sura ya mvurugiko: kundi la dalili zinazokwenda pamoja na kuonyesha ni nini kimepungua, kimezidi, kimekwama au kimeacha njia yake mwilini. Dawa huandikiwa sura hiyo. Ndiyo maana wenye lalamiko moja hupewa dawa mbili, na asiyelala na mwenye hedhi isiyokatika wanaweza kupewa dawa moja.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kujifunza, na pia wa mgonjwa anayetaka kujua kwa nini anaulizwa habari za jasho ilhali amekuja kwa ajili ya usingizi. Afrika Mashariki tiba hii si ngeni. Timu ya kwanza ya madaktari wa China ilifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na mwaka 1987 wataalamu wa tiba asili wa China walianza kushirikiana na wenzao wa Muhimbili katika kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Wengi wamechomwa sindano za akupancha bila kuelezwa hata siku moja tabibu alifikaje kwenye uamuzi wake.

Kabla ya yote: nani apelekwe hospitali

Sura ya mvurugiko haichukui nafasi ya vipimo, na hapa ndipo wanafunzi wenye bidii wanapoumiza watu. Kikohozi kikavu, homa ndogo inayopanda jioni, jasho la usiku, mwili kukonda: kitabuni huo ni upungufu wa yin ya mapafu (yin ni maji yanayoupoza mwili), picha safi kabisa. Kwa mtu wa Temeke au Kisumu, chukulia kwamba ni TB mpaka makohozi yapimwe. Kiu isiyokatika pamoja na mkojo mwingi, pima sukari. Midomo imepauka, moyo unakwenda mbio na ngazi chache zinamchosha, pima wingi wa damu. Homa na kutetemeka kwa baridi, pima malaria. Anayekonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka na hawezi kuvumilia joto, tezi ya shingo ikaangaliwe. Maumivu ya kifua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, kutapika damu, au mtu asiyelala anayesema maisha yamemchosha: hao hawangoji uangalie ulimi.

Baada ya hapo, jambo la pili la kuliweka sawa kichwani. Viungo vya tiba hii havilingani na vile vinavyoonekana kwenye picha ya ultrasaundi. Bandama ni jina la kazi yote ya kusaga chakula na kukigeuza nguvu na damu, pamoja na kuizuia damu isitoke nje ya njia yake. Ini husimamia mtiririko wa chi, yaani nguvu inayosukuma kila kitu mwilini, na hasira ni ya kwake. Figo hubeba akiba ya uzazi, mifupa, masikio na kiuno. Moyo ndiko akili inakolala usiku. Ukimwambia mgonjwa "ini lako limekwama" bila kumfafanulia, kesho utamkuta kwenye foleni ya kupimwa homa ya ini.

Hatua ya 1: Tazama kabla hajakaa

Uchunguzi una njia nne: kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, kugusa. Kutazama kunaanza mlangoni. Anatembeaje? Amejifunika sweta siku ya jua kali? Amekaa akiwa amejikunja, au amejitanua na kupepea? Anayejikunja na kujifunika anaelekea upande wa baridi, anayejitanua na kutupa nguo anaelekea upande wa joto. Ni dokezo tu.

Kisha macho. Wachina husema shen, uhai wa akili unaoonekana machoni. Mtu mwenye orodha ndefu ya maradhi lakini macho yake yana nuru na maneno yake yanafuatana, ana akiba. Mwenye macho yaliyozimika, anayejibu swali baada ya kurudiwa mara mbili, hali yake ni nzito hata kama lalamiko lake ni dogo.

Kuhusu rangi ya uso nina neno la kusema. Vitabu huandika uso mweupe uliopauka, wa njano, wa kijani kibichi, mwekundu mashavuni. Maelezo hayo yaliandikwa na watu waliokuwa wakitazama nyuso za Wachina. Kwa ngozi nyeusi, anayelazimisha kuona "wekundu wa mashavu" atajidanganya. Vuta kope la chini uangalie utando wa ndani, tazama midomo, fizi, kucha na viganja. Kwenye uso wenyewe tafuta mng'ao: ngozi yenye uhai ina unyevunyevu na ung'avu, iliyochoka huonekana kavu na kijivu kama imepakwa vumbi. Mgonjwa mwenyewe na ndugu zake huijua tofauti hiyo kuliko wewe, kwa hiyo waulize.

Hatua ya 2: Ulimi

Ulimi hauathiriwi sana na rangi ya ngozi, na mtu hawezi kuuigiza. Kitabu cha kale cha picha za ndimi kilichokamilishwa na Du Ben mwaka 1341 kilikuwa na picha 36, na hadi leo mwanafunzi anaanzia pale pale: rangi ya nyama, umbo, utando.

Tumia mwanga wa mchana, karibu na dirisha. Taa ya njano hufanya kila utando uwe wa njano. Mwambie mgonjwa asubuhi hiyo asisugue ulimi kwa mswaki, asinywe kahawa wala kula embe, ubuyu au peremende ya rangi. Autoe bila kuukaza, na usimwache akiwa ameutoa muda mrefu, maana ukikaa nje hubadilika rangi. Akiurudisha apumzike, kisha autoe tena.

Nyama ya ulimi kwanza. Ya kawaida ni waridi. Iliyopauka ni upungufu wa damu au wa yang, yaani moto wa mwili. Nyekundu ni joto. Ya zambarau, au yenye madoa meusi pembeni, ni damu iliyotuama. Hapo mwambie anyanyue ncha uone mishipa ya chini, kama imevimba na kuwa myeusi. Umbo ndilo linalofuata. Ulimi ulionenepa wenye alama za meno pembeni ni bandama iliyochoka na unyevu uliokusanyika. Mwembamba ni ukavu au uhaba wa damu. Nyufa kwenye ulimi mwekundu usio na utando ni yin iliyokauka, lakini wapo waliozaliwa na nyufa, kwa hiyo uliza tangu lini. Mwisho utando: mwembamba mweupe ni wa kawaida, wa njano ni joto, mzito wenye utelezi ni unyevu au balghamu, na ukikosekana kabisa ni yin ya tumbo au figo inayoisha.

Kuna pia ramani. Ncha ni ya moyo na mapafu, pembeni ni ini na nyongo, katikati ni tumbo na bandama, shinani ni figo, kibofu na matumbo. Ncha nyekundu kwa asiyelala ni jambo la kuandika. Ila ramani hiyo isikupumbaze: ulimi wote mwekundu una uzito kuliko kidoa kimoja.

Hatua ya 3: Sikiliza na unuse

Hapa ni upesi. Sauti ya nguvu, maneno mengi, pumzi nzito: ziada. Sauti ya chini inayokata mwisho wa sentensi: upungufu. Anayeshusha pumzi ndefu kila mara bila kujua huwa na chi ya ini iliyokwama. Harufu kali ya kinywa, choo au jasho huelekea kwenye joto. Makohozi au mkojo usio na harufu huelekea kwenye baridi.

Hatua ya 4: Uliza

Hiki ndicho kiini cha kazi. Zhang Jingyue, tabibu wa enzi ya Ming, aliyaweka maswali kumi katika wimbo ndani ya kitabu chake cha mwaka 1624 ili wanafunzi wasisahau: baridi na joto, jasho, kichwa na mwili, choo, chakula, kifua, masikio, kiu, kisha mapigo na rangi, na mwisho harufu. Baadaye wengine waliongeza maradhi ya zamani, chanzo cha ugonjwa, hedhi na uzazi, na mambo ya watoto. Siku hizi usingizi nao una swali lake.

Uliza ili kutenganisha. "Unalala vizuri?" ni swali lisilo na faida. Tuseme amekuja mama wa miaka 52:

— Shikamoo mama. Pole na usingizi.

— Marahaba mwanangu. Silali, daktari.

— Hulali kabisa, au unalala kisha unakatika?

— Napitiwa mapema tu. Ikifika saa nane usiku, macho makavu.

— Ukishtuka hivyo mwili unakuwaje?

— Moto. Natupa shuka, miguu naitoa nje. Viganja vinawaka.

— Jasho?

— La shingoni na kifuani. Nikishaamka linakauka lenyewe.

— Maji unakunywa?

— Nalainisha koo tu, funda moja mbili. Nikinywa mengi tumbo linajaa.

— Na mgongo?

— Usiutaje.

Kila jibu hapo lilifunga mlango mmoja. Analala mwanzoni lakini hadumu. Joto lake ni la usiku, na liko viganjani, nyayoni na kifuani. Jasho linatoka akiwa usingizini na kukoma akiamka. Lingekuwa la mchana, bila kazi yoyote, lingeelekeza kwenye upungufu wa chi. Kiu yake ni ya kulainisha koo. Mwenye joto la ziada hunywa gilasi nzima ya maji baridi na kutaka nyingine. Kiuno kinauma, na kiuno ni cha figo.

Bado usimwandikie kitu. Muulize choo: anasema ni laini, hasa asubuhi, na chakula hakina ladha. Jibu hilo halikai vizuri na mengine, na ndiyo sababu uliandike kwa herufi kubwa. Litarudi.

Nikikatiza kidogo kuhusu hiyo saa nane. Katika elimu hii usiku na mchana umegawanywa katika vipindi vya saa mbilimbili, kila kimoja na kiungo chake, na saa saba hadi saa tisa usiku ni zamu ya ini. Wapo wanaomsikia mgonjwa akitaja saa nane wakaandika "ini" papo hapo. Mimi huichukua saa kama ushahidi dhaifu kuliko yote. Watu huamka usiku kwa sababu ya kibofu, mbu, na deni.

Hatua ya 5: Gusa

Mapigo hupimwa kwenye kifundo cha mkono kwa vidole vitatu. Kidole cha kati huwekwa usawa wa kifupa kinachojitokeza upande wa dole gumba, cha shahada karibu na kiganja, cha pete upande wa kiwiko. Mkono wa kushoto, kutoka kiganjani kurudi nyuma, ni moyo, ini, figo. Wa kulia ni mapafu, bandama, na figo kwa upande wa moto wake. Bonyeza kidogo, kisha kiasi, kisha kwa nguvu. Wazee walitaka uhesabu mapigo yasiyopungua 50, na hilo ni jambo la maana: aliyeshika mkono kwa sekunde tano hajapima.

Wang Shuhe, karne ya 3, aliorodhesha aina 24 za mapigo. Li Shizhen mwaka 1564 alifikisha 27, na leo vyuoni hufundishwa 28. Anayeanza asihangaike na zote. Jiulize mambo manne. Yako juu au yamezama? Yana kasi gani? Kwa kipimo cha zamani, pumzi moja yako wewe tabibu, ukiwa umetulia, ibebe mapigo manne hadi matano. Zaidi ya hapo ni ya haraka, matatu kushuka chini ni ya taratibu. Yana nguvu ukibonyeza, au yanapotea? Na umbo lake ni lipi: membamba, yanayoteleza chini ya kidole kama ilivyo kwa mwenye balghamu au mjamzito, au yaliyokazwa kama uzi wa udi ule wa kupigia muziki, kwa mwenye ini lililobana? Mwanariadha atakuwa na mapigo ya taratibu bila baridi yoyote, na anayetumia dawa za presha mapigo yake yanaweza kuwa yametulizwa na dawa. Uliza kabla ya kutafsiri.

Baada ya mkono, gusa tumbo na miguu. Maumivu yanayopungua ukiyakandamiza ni ya upungufu, yanayomfanya akupige kofi mkono ni ya ziada. Miguu ya barafu kwa mtu anayesema ana joto ni habari kubwa.

Mapigo ya mama yetu ni membamba na ya haraka, yanapotea kwenye nafasi ya figo mkono wa kushoto, na ni laini kwenye nafasi ya bandama. Ulimi ni mwekundu, una nyufa katikati, na utando ni kama haupo.

Hatua ya 6: Pitisha dalili kwenye misingi minane

Misingi minane ni jozi nne: nje na ndani, baridi na joto, upungufu na ziada, yin na yang. Cheng Guopeng aliieleza kwa ufupi na uwazi katika kitabu chake cha mwaka 1732, na mpaka leo ndicho kichujio cha kwanza.

Nje na ndani huamuliwa haraka. Ugonjwa uliokuja juzi, wenye homa na kuhisi baridi kwa wakati mmoja, mapigo yanaelea juu, utando mwembamba: uko nje. Kukosa usingizi kwa miezi ni kwa ndani. Endelea.

Baridi na joto: tazama kiu, rangi ya mkojo, rangi ya ulimi, kasi ya mapigo na kile mgonjwa anachopenda, shuka au feni. Mama ana joto.

Kazi iko kwenye upungufu na ziada, maana joto ni la namna mbili na dawa zake zinapingana. Joto la ziada linachoma mchana na usiku, kiu ni ya maji mengi baridi, choo kigumu, utando wa njano mzito, mapigo yamejaa na yana nguvu. Hilo hupoozwa. Joto la upungufu huja jioni na usiku, kiu ni ya funda, ulimi mwekundu lakini uchi, mapigo ya haraka lakini membamba. Hapa moto haukuongezeka. Maji yaliyokuwa yakiuzuia ndiyo yamepungua. Ukimpa huyu dawa kali chungu za kuzima moto, utamkausha zaidi na kulivuruga tumbo lake.

Halafu kuna mitego. Mtu aliyechoka sana anaweza kuhisi joto usoni na kutupa nguo, kumbe miguu yake ni ya baridi, mkojo ni mweupe, maji anayoyataka ni ya vuguvugu na ulimi umepauka. Hiyo ni baridi ya kweli yenye joto la uongo. Dalili zikipingana, amini zaidi ulimi, mkojo, aina ya maji anayotaka, na nguvu ya mapigo ukibonyeza hadi chini.

Hatua ya 7: Tafuta kitu na kiungo

Sasa unajua ni joto la ndani la upungufu. Uliza: ni nini kimepungua, chi, damu, yin au yang? Na katika kiungo gani? Hapa ndipo wale watu watano wa asubuhi wanapoachana.

Mmoja hushindwa kupitiwa, akilala ndoto zinamjaa, mchana moyo unamdunda, anasahau, hana hamu ya chakula, ulimi umepauka, mapigo membamba na dhaifu. Huo ni upungufu wa bandama na moyo: bandama haitengenezi damu ya kutosha, na akili haina pa kutua. Dawa yake mashuhuri ni Guipi Tang, iliyoandikwa na Yan Yonghe mwaka 1253. Madukani atashawishiwa kununua ejiao, gundi inayochemshwa kutokana na ngozi ya punda, kwa kuwa ndiyo maarufu ya kuongeza damu. Guipi Tang haina ejiao hata chembe. Nalitaja hili kwa sababu ni uhitaji wa ngozi hizo uliofanya punda wa kwetu waibwe na kuchinjwa ovyo, hadi Umoja wa Afrika ukapiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi Februari 2024.

Wa pili halali usiku kucha na ana hasira za karibu. Macho mekundu, kichwa kinagonga, kinywa kichungu, choo kigumu, ulimi mwekundu pembeni na utando wa njano, mapigo yaliyokazwa na ya haraka. Moto wa ini.

Wa tatu ni mlaji wa vinono, tena usiku. Kichwa kizito, kifua kimejaa, kichefuchefu, mbweu, utando wa njano unaoteleza, mapigo yanayoteleza. Balghamu na joto, na dawa inayotajwa zaidi ni Wendan Tang. Kabla hujamwandikia, muulize anakula saa ngapi. Chipsi mayai saa nne usiku hazina dawa ya mitishamba.

Wa nne hushtuka kwa kelele ndogo na anaogopa kulala peke yake. Anachoka upesi, ulimi umepauka. Upungufu wa chi ya moyo na nyongo.

Wa tano ni mama yetu. Yin ya figo imepungua, haipandi kuupoza moyo, moyo unawaka usiku.

Hatua ya 8: Jipinge

Umepata jibu? Sasa jaribu kuliangusha. Nalisisitiza hili kuliko hatua zote, kwa sababu mtu aliyekwisha kupenda jibu huziona dalili zake hata pasipokuwapo. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliwapitisha wagonjwa wale wale wa baridi yabisi ya viungo kwa matabibu watatu watatu. Makubaliano yao juu ya sura ya mvurugiko yalikuwa karibu thuluthi moja tu. Shirika la Afya Duniani limeziingiza sura hizi kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika 2022, lakini huko ni kuzipa namba za kumbukumbu. Kuorodheshwa hakuthibitishi kwamba tiba inafanya kazi.

Kwa hiyo, andika sura uliyoichagua na pembeni yake ile inayofanana nayo zaidi. Kwa mama, mshindani ni moto wa ini. Ungekuwa huo, tungeona nini? Kinywa kichungu, hasira, utando mzito wa njano, mapigo yenye nguvu. Rudi ukamuulize kuhusu kinywa na hasira, kwa maneno yasiyomwonyesha jibu unalolitaka. Akisema hana, mshindani ameanguka. Sheria yangu: pasiwe na sura inayosimama kwa dalili moja, hata iwe nzuri kiasi gani. Angalau ulimi, mapigo na majibu mawili ya mgonjwa yaelekee upande mmoja.

Kisha chukua ile dalili isiyokaa vizuri. Choo laini na chakula kisicho na ladha havielezwi na yin ya figo. Ama umekosea, ama kuna sura ya pili. Kwa kuwa mapigo ya bandama yalikuwa laini, na maji mengi yanamjaza tumbo, ni la pili: bandama yake nayo ni dhaifu. Watu wengi waliovuka miaka 40 wana sura mbili au tatu zilizobebana. Anayempa kila mgonjwa sura moja safi anasoma kitabu, hamsomi mtu.

Hatua ya 9: Mzizi, tawi na mpango

Andika sentensi moja: "Mzizi: upungufu wa yin ya figo, na bandama dhaifu. Tawi: joto la upungufu linalousumbua moyo." Tawi likiwa kali mno hutibiwa kwanza, likivumilika hutibiwa pamoja na mzizi.

Uone sasa kwa nini ile dalili ya choo ilikuwa na thamani. Dawa za kujaza yin, kama mzizi wa shudihuang uliomo katika Liuwei Dihuang Wan, dawa ya tabibu wa kale Qian Yi, ni nzito na zina ulaini wa mafuta. Bandama dhaifu hushindwa kuzisaga. Mgonjwa ataharisha, atavimbiwa, ataziacha baada ya wiki na kusema dawa za Kichina hazifai. Tabibu makini huanza kwa kuisaidia bandama, au huchanganya na dawa za kuisukuma, kisha ndipo anaongeza nzito kidogo kidogo.

Kuhusu usalama, usinunue kwa jina tu. Tianwang Buxin Dan, inayotajwa sana kwa sura ya mama huyu, kwa asili vidonge vyake vilipakwa zhusha, madini yenye zebaki, soma kilichomo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliopewa dawa za kupunguza unene zilizochanganywa mmea wa jamii ya Aristolochia waliharibikiwa figo, na majina ya mitishamba yanayofanana yalikuwa sehemu ya tatizo. Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa za kupunguza mgando wa damu, za kisukari au ARV, asianze chochote kabla daktari wake hajajua.

Hatua ya 10: Marudio

Mrudishe baada ya wiki moja hadi mbili, na ufanye uchunguzi wote upya. Usimsomee majibu yake ya kwanza, maana atakubali tu kwa adabu. Jasho na usingizi huweza kubadilika mapema. Utando wa ulimi hugeuka kwa siku chache, rangi ya nyama huchukua wiki au miezi, na nyufa za zamani huenda zisiondoke kamwe. Kwa hiyo mama akianza kulala hadi saa kumi na moja alfajiri huku ulimi bado ni mwekundu, usibadilishe dawa kwa papara. Utando ukianza kuwa mzito na choo kulainika zaidi, umezidisha nzito, punguza. Joto likibaki vile vile baada ya mwezi, au uzito ukishuka, achana na ulimi: mpeleke akapimwe upya, safari hii na orodha yako ya dalili ikiwa imeandikwa kwa maneno ambayo daktari wa hospitali atayaelewa.